Athari za Mvamizi Si Fadhila Zake

Katika somo la historia, wanafunzi wetu huulizwa mara kwa mara athari za Wareno katika pwani ya Afrika Mashariki. Majibu huja kwa orodha: mahindi, mihogo, na maneno kama meza, leso na bendera. Mwalimu hutia alama, na mambo huishia hapo.

Orodha hiyo ina kasoro kubwa: humgeuza mvamizi kuwa mfadhili. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliupora mji wa Mombasa na kuutia moto. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, wakaishikilia hadi ilipotekwa na Waomani mwaka 1698. Waingereza nao walirithi maneno mengi ya Wavikingi, walioipora Lindisfarne mwaka 793, lakini hawauiti uporaji ule msaada.

Aliyeyafanya maneno ya Kireno yawe Kiswahili si Mreno, bali ni Mswahili. Ushahidi ni neno gereza. Asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Wenyeji walilitwaa wakaliita kifungo. Ni hukumu gani iliyo nzito kuliko hiyo?

Wenyeji hao hawakutoweka. Hapa Jomvu Kuu wapo Wajomvu, mojawapo ya Thenashara Taifa za Mombasa, na lahaja yao ya Kijomvu. Mwalimu na awatume wanafunzi kwa wazee, wakasikilize na kuandika. Kisha awaulize swali jingine: sisi tuliyafanyia nini yaliyotufika?