Likasi inapika kwa jasho la wenye kinga, lakini nani anawalinda?

Kabla jua halijatoka, wanaume wa kinga wanakuwa wamekwisha kuingia Likasi. Kinga moja inabeba magunia ya makala yaliyofungwa kwa kamba za mpira, moja juu ya lingine, mpaka anayesukuma haoni vizuri mbele yake. Hapandi, anasukuma. Kwenye mlima anavuta pumzi, kwenye mteremko anaomba Mungu, kwa sababu breki za kinga hazikutengenezwa kwa uzito ule.

Wengine wanatumwa mjini tu: gunia la unga kutoka depo mpaka lupango ya Kikula, mifuko ya simenti mpaka Panda. Gari haliingii katika vichochoro vile, na moto ni bei.

Watu wanapenda kusema hii ni kazi ya wasiosoma. Si kweli. Likasi ilikuwa mji wa Gécamines, na mwaka 2003 kampuni hiyo iliachisha kazi watu zaidi ya 10,000 katika Katanga, kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Mshahara wa baba ulipokatika, watoto walitafuta njia nyingine. Kinga ilikuwa karibu.

Umeme nao ni jambo la kushangaza. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni, kwenye mto Lufira, hayako mbali na Likasi. Lakini mama akitaka kupika bukari jioni, mara nyingi anawasha mbabula. Nyaya za umeme zinapita juu ya kichwa cha yule anayesukuma makala chini. Mwenye kinga akigoma siku tatu, mji mzima utajua.

Sasa tuulize: gunia likipasuka njiani, nani analipa? Ni yeye. Mpira ukitoboka, yeye. Lori likimgusa, familia yake inatafuta pesa ya hospitali. Mteja anapunguza bei mlangoni, akijua kwamba mtu aliyetoka mbali hawezi kurudisha mzigo. Na penye bariera anaacha franka bila kupewa karatasi, kesho vilevile. Pesa isiyo na karatasi si kodi, hata kama anayeipokea amevaa uniforme.

Barabara ya taifa nambari 1 inayopita Likasi ndiyo njia ya malori ya shaba na kobalti kutoka Kolwezi kwenda Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa. Dereva akiona kinga mbele yake, anapiga honi. Mwenye kinga anashuka kwenye mchanga pamoja na mzigo wote. Wanaosema kinga zinafunga njia wana haki kidogo. Lakini waseme basi zipite wapi. Lami inaishia pale gurudumu la lori linapoishia.

Hakuna anayeomba meya agawe moto za bure. Anayechukua pesa bariera atoe risiti yenye namba na bei iliyobandikwa wazi, na asiyekuwa nayo aondoke njiani. Barabara ikitengenezwa tena, pembeni iachwe mita moja na nusu ngumu, isiyo mchanga. Makampuni yanayopitisha madini yao pale yana uwezo wa kuchangia mita hiyo. Na sisi wateja, bei tuliyopatana kwenye simu ndiyo tulipe mlangoni.