Bustani Baada ya Mvua ya Mawe

Kiangazi cha Desemba hadi Februari kikiisha, wakulima wa Sikuda, kati ya Busia na Tororo, huingoja mvua ya Machi kwa hamu. Pengine huja na mawe. Theluji ya nchi za baridi huyeyuka polepole, ikainywesha ardhi. Mvua ya mawe huchana majani kwa dakika chache, na maji yakapita juu ya udongo mgumu.

Mama mwenye bustani asiharakishe kung'oa. Sukumawiki yenye shina zima huchipuka tena. Maharage yaliyokatika chini ya majani ya mwanzo hayaponi. Yapandwe upya ardhi ingali na unyevu. Udongo ulioshikana utifuliwe, ufunikwe kwa nyasi. Kwa hiyo, hata njaa ikibana, kibaba kimoja cha mbegu kisipikwe.