Utumwa wa Kimya

Wako watu wanaofundisha kwamba kimya ni sifa njema katika kila hali. Aliyepatwa na machungu, wasema, na ayameze, afute machozi, asimwambie mtu. Mvulana akilia huambiwa si mwanamume. Msichana akieleza alivyoonewa huambiwa asivunje heshima ya nyumba. Mafundisho haya ni mabaya, na wewe msomaji, ungali kijana, wapasa kuyakataa.

Sisemi kwamba kila siri itangazwe sokoni. Siri ya rafiki ni amana. Nasema juu ya siri inayouma: uonevu, hofu, au msiba usioweza kuubeba peke yako. Siri ya namna hiyo haikai ilipowekwa. Huondoa usingizi, hukosesha chakula ladha, na huivuruga akili darasani. Wazee walituonya: mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Tazama Frere Town, upande wa bara, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Mji huu uliasisiwa mwaka 1875 na wamisionari wa Church Missionary Society kuwa makao ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Minyororo yao ilikatwa, lakini neno "mtumwa" lilibaki kuwa tusi. Ingalikuwa rahisi kwao kuzika habari zao zote. Walakini wako waliowasimulia watoto wao, na mwaka 1934 masimulizi hayo yalitokea katika Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela, mwana wa mmoja wa waliookolewa. Je, aibu ya utumwa ni ya aliyeteka, au ni ya aliyetekwa? Maadam aliyetekwa anyamaza, huibeba yeye. Akisema, mzigo humrudia mwenyewe.

Mjini humo palikuwa na kengele iliyopigwa kuwaonya watu kwamba wateka watumwa wanakaribia. Mahali pake huitwa Kengeleni hata leo. Hakuna aliyeona haya kuipiga. Aliyetamani isilie ni adui. Basi mtu akikutenda uovu, kisha akakuonya usimwambie yeyote, jua kwamba aogopa kengele.

Wapinzani watasema kuwa maneno hayaponyi kidonda. Mambo yaliyotendeka Zimbabwe yawajibu. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha wanawake wazee wa mitaa ya Harare kuketi katika mabenchi ya zahanati, wakawasikilize watu waliolemewa na mawazo na kuwasaidia kutafuta njia. Jaribio la watu 573 lilichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliosikilizwa katika mabenchi hayo walikuwa na dalili chache za huzuni na wasiwasi kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Wazee wale hawakuwa matabibu. Walikuwa na mafunzo machache, subira, na masikio.

Watasema tena kwamba siri ikitoka huenea. Hofu hiyo ni ya haki, lakini haikuamuru unyamaze, yakuamuru uchague. Msikilizaji mwema husikia mpaka mwisho. Hacheki, hahukumu kwa haraka, wala habebi maneno. Na jambo likimzidi nguvu, hukwambia wazi, akakupeleka kwa mwenye uwezo. Anayekuhadithia siri za wengine, yako pia ataihadithia. Mtafute mwingine: mama, nyanya, mjomba, mwalimu, daktari, sheikh au mchungaji. Wa kwanza asipokusadiki, nenda kwa wa pili.

Nawe una wajibu. Siku moja mwenzako atakuja kwako, sauti ikitetemeka. Usimkatize, wala usimwambie kwamba wengine wameteseka zaidi. Keti naye, umsikilize. Waliokata minyororo ya chuma walihitaji merikebu na silaha. Minyororo ya kimya huanza kukatika kwa mtu mmoja anayethubutu kusema na mwingine anayestahili kuambiwa.