Kosa ni la Swali, si la Mtoto

Mwenzetu ameandika kwamba maswali ya majibu mafupi yafutwe katika majaribio ya darasani, eti kila mwalimu husahihisha apendavyo. Nakataa. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya kuanzia 1985 hadi 2023, ilikuwa ya kuchagua herufi A hadi D, ukiondoa insha, na sisi walimu wa Pumwani, Nairobi, tuliona watoto wakibahatisha.

Tatizo analolitaja lipo, ila chanzo chake ni utungaji. Niliwahi kuuliza: "Gikomba ni nini?" Mwongozo wangu ulidai "soko". Mtoto mmoja akaandika: "Ni pale mama anapofungulia mtumba alfajiri." Nilimkosesha, na hadi leo inaniuma, maana alisema kweli tupu. Nilichotaka kukijua sikukiuliza. Kwa nini basi yeye ndiye anyang'anywe kalamu?

Sasa natunga hivi: "Taja bidhaa moja inayouzwa Gikomba, kisha ueleze kwa sentensi moja jinsi inavyofika sokoni (alama 2)." Alama moja ya kutaja, moja ya kueleza, na mistari miwili ya kuandikia. Kabla ya kuchapisha swali, hulijibu mwenyewe, kisha humpa mwalimu mwenzangu alijibu bila kuuona mwongozo. Majibu yetu yakitofautiana, naliandika upya.