Raia wameamua, lakini walikutana lini?

Neno salongo bado linasikika kwetu, na mara nyingi linafuatana na maneno haya: raia wameamua. Tunaoitwa kuzibua mifereji tunajua kwamba mara nyingi hatukuulizwa. Je, nia ya watu wote inajulikana namna gani, na nani ana haki ya kuitamka?

Mwaka 1762 Jean-Jacques Rousseau aliandika kwamba nia ya pamoja, inayolenga faida ya jamii nzima, si sawa na kujumlisha matakwa ya kila mmoja. Akaongeza kwamba anayeikataa anaweza kulazimishwa, na huko ndiko kuwekwa huru. Wasoshalisti wengi waliokuja baadaye walipitia mlango huo: chama kinajua watu wanataka nini kabla hawajasema.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Mwalimu Nyerere aliiona hatari hiyo. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, aliandika kwamba vijiji vya ujamaa havijengwi kwa nguvu. Watu waingie kwa hiari. Na watu hao walikuwako tayari: katika mkoa wa Ruvuma, wakulima wa Litowa na vijiji vingine walilima pamoja na kukata shauri katika mikutano yao wenyewe. Mwaka 1969 chama tawala, TANU, kiliuvunja umoja wao. Ujamaa walikuwa nao. Ila waliamua bila kungoja wakubwa. Mwaka 1973 kuishi vijijini kukawa amri. Mamilioni wakahamishwa, na nyumba za wengine zikachomwa wasirudi.

Nyerere hakuwa mwizi. Ndiyo maana mfano huu unatusumbua kuliko salongo ya Mobutu: amri ilitoka kwa mtu mwadilifu aliyechoka kungoja watu wakubali.

Wengine husema kanisa la Yerusalemu lilikuwa la kijamaa. Ni kweli, waligawana mali. Lakini Petro alimkumbusha Anania kwamba shamba lilikuwa lake kabla ya kuliuza, na hata fedha zilikuwa mikononi mwake. Alihukumiwa kwa uongo, si kwa kutotoa.

Tunajua kuna mahali ambapo kumwuliza mkubwa ni hatari. Basi tuanzie karibu, kwa michango ya ujenzi inayotangazwa mimbarani kuwa "kanisa limekubali". Mkutano ulikuwa siku gani, na nani pale aliweza kusema hapana?