Bajeti Isiyoeleweka na Mwenye Mali

Aghalabu msomi wa uchumi akikabidhiwa wizara ya fedha, sisi walimu hujivuna kwa niaba yake. Twamhesabia shahada na vyuo alivyosomea. Swali lililo zito zaidi twalisahau: je, elimu hiyo humfikia mlipa kodi, au huishia katika makaratasi ya wataalamu?

Mfano wa kutufunza ni Dkt. Thomas Isaac wa Kerala, jimbo lililoko kusini-magharibi mwa India. Tasnifu yake ya uzamifu ilihusu wafumaji wa usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na harakati zao za kutetea haki. Kwa hivyo uchumi aliousomea ulikuwa na watu ndani yake tangu mwanzo.

Mwaka 1996 serikali ya Kerala iliamua kuzipa serikali za mitaa kati ya asilimia 35 na 40 ya fedha za mipango ya maendeleo. Isaac, akiwa mjumbe wa Bodi ya Mipango, alikuwa miongoni mwa viongozi wa kampeni hiyo. Wasaidizi wa kujitolea, wengi wao walimu, walifunzwa kazi, na zaidi ya watu milioni mbili wakahudhuria mabaraza ya vijiji kujadili mahitaji yao. Haikuwa miujiza. Jimbo hilo lilikuwa limetangazwa mwaka 1991 kuwa limefuta ujinga wa kusoma na kuandika, na mijadala iliendeshwa kwa Kimalayalam, lugha ya wenyeji.

Alipokuwa waziri wa fedha wa jimbo, 2006 hadi 2011 na tena 2016 hadi 2021, hakuiacha lugha hiyo mlangoni. Hotuba yake ya bajeti ya Januari 2021, iliyochukua zaidi ya saa tatu, ilifunguliwa kwa shairi la mwanafunzi wa darasa la saba kuhusu matumaini baada ya giza la korona. Wapo walioona kwamba hayo ni mapambo tu. Mimi naona kwamba waziri aliyaweka makadirio ya fedha katika lugha ambayo mtoto yule na wazazi wake wangeweza kuyahoji.

Sisemi kwamba ufasaha hulipa deni. Mwaka 2019 shirika la miundombinu la jimbo hilo liliuza hatifungani za rupia bilioni 21.5 zilizoorodheshwa London, kwa riba iliyozidi asilimia 9. Mkaguzi mkuu wa hesabu wa India alilalamika kwamba mikopo ya namna hiyo hupitia nje ya bajeti. Hoja hiyo ni nzito, na wanaomtetea waziri hawana budi kuijibu. Lakini raia hawezi kulipinga deni asilolielewa, na hapo ndipo lugha inapokuwa ngao yake.

Sasa tujitazame. Ibara ya 201 ya Katiba yetu ya 2010 yadai uwazi na ushirikishwaji wa umma katika masuala ya fedha. Ibara ya 7 yakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Tangu 2013 tuna kaunti 47, kila moja ikiwa na msimamizi wake wa fedha. Hata hivyo, mara nyingi mwananchi huitwa kutoa maoni juu ya kitabu kinene cha Kiingereza, apige makofi kisha arudi nyumbani. Huko si kushirikishwa, ni kushuhudishwa.

Wala tusisingizie uhaba wa msamiati. Makadirio, nakisi, ruzuku, hatifungani: maneno yote haya tunayo. Tunachokosa ni nia. Walimu wenzangu, chukueni makadirio ya wadi yenu, muwape wanafunzi wa Kiswahili wayafasiri na kuyafafanua. Nao wanafunzi wayasome mbele ya wazee wao. Mali bila daftari, walonga wahenga, hupotea bila habari. Je, daftari likiwapo, na mwenye mali asiweze kulisoma?