Heshima Isiyokataliwa
Na Rukia Mwinchande

Cheo cha kurithi katika Uingereza huzaliwa kwa hati ya mfalme, nayo hati hiyo, baada ya kumtaja aliyetunukiwa, kwa desturi hukichorea cheo njia ya kupita baada ya mauti yake: kitamshukia mwanawe wa kiume aliye mkubwa, kisha mwana wa huyo, nasaba kwa nasaba, wala mrithi haulizwi kama anakitaka au anakistahili. Mabinti, isipokuwa kwa vyeo vichache vyenye masharti mbali, huachwa nje ijapokuwa wao ndio vifungua mimba.

Dhuluma iliyomo humo ilidhihirika kwa mkasa wa nyumba ya Benn. Mzee William Wedgwood Benn, mbunge wa siku nyingi, alifanywa Viscount Stansgate mwaka 1942, wakati chama chake cha Leba kilipokuwa na haja ya watu katika Baraza la Malodi. Kabla ya kukubali alimtaka shauri mwanawe mkubwa, Michael, naye, kwa kuwa alikuwa amenuia ukasisi, hakuona taabu. Michael akafa vitani mwaka 1944, na urithi ukamgeukia nduguye Tony, ambaye tangu 1950 alikuwa mbunge wa Bristol Kusini-Mashariki.

Baba alipofariki Novemba 1960, mwana alipoteza kiti chake papo hapo, kwani wakati huo lodi hakuruhusiwa kuketi pamoja na wawakilishi wa raia. Uchaguzi ukarudiwa Mei 1961. Akapata kura 23,275 na mpinzani wake 10,231. Na juu ya hayo yote mahakama ya uchaguzi ikampa kiti yule aliyeshindwa, ambaye, ajabu ilioje, naye pia alikuwa mrithi wa cheo! Hapo raia elfu ishirini na ushei walinyimwa waliyemtaka kwa sababu ya karatasi iliyotiwa muhuri kwa ajili ya marehemu.

Sheria ya kuruhusu kuvua cheo ilipita tarehe 31 Julai 1963, na Tony Benn akawa wa kwanza kuitumia, siku ile ile. Mwaka huo huo sisi Watanganyika tulifuta kwa sheria utawala wa machifu, bila ya kumbakizia mrithi yeyote madaraka yake. Waingereza hawakuthubutu kufika huko: mtu aweza kujivua cheo kwa umri wake tu, na Benn alipofariki mwaka 2014, kile alichokikataa kikamwendea mwanawe, Stephen. Hata mwaka 2013, walipomwezesha binti mkubwa kurithi kiti cha ufalme mbele ya mdogo wake wa kiume, vyeo vya makabaila viliachwa kama vilivyokuwa.

Iko tayari sheria ya 1958, imruhusuyo mfalme kumtunukia mtu ulodi wa maisha yake tu. Hiyo yatosha kumheshimu mstahiki; vyeo vya kurithi vilivyosalia na vikomee kwa walio navyo sasa.